Je, Wamarekani hutubu kila Desemba?

IJUMAA ya Septemba 2, 2005 nilikuwa miongoni mwa walioitikia Amin.

Siku nne kabla yake, Jumatatu ya Agosti 29, kimbunga Katrina kilikuwa kimeupiga mwambao wa kusini wa Marekani. Matuta na kuta za kuzuia maji katika mji wa New Orleans zilibomoka, na asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Picha tulikwishaziona katika televisheni: watu juu ya mapaa ya nyumba wakipunga mashuka, maiti zikielea mitaani. Khatibu wa msikiti niliosali siku ile, hapa Dar es Salaam, alisema katika khutba yake kwamba hiyo ni adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa taifa lililozivamia Afghanistan na Iraq, kisha akaomba wazidishiwe. Tukaitikia. Wala sitaki msomaji adhani kwamba niliitikia kwa kufuata mkumbo. Niliitikia kwa moyo wangu wote. Ilikuwa miaka ya Fallujah na Abu Ghraib, na vifua vya Waislamu vilikuwa vimejaa.

Nje ya msikiti, tukiwa tunatafuta viatu, nilimsalimia mzee mmoja jirani yangu ambaye ujanani alikuwa baharia katika meli za mizigo za Wagiriki. Nilimwona hana furaha. Nikamwuliza, "Mzee, khutba umeionaje leo?" Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi nina swali moja tu. Hivi hao Wamarekani, ikifika Desemba huwa wametubu?"

Sikumwelewa. Nilicheka, nikaaga, nikaenda zangu. Swali lile lilinikaa, na nimeishi nalo miaka mingi sasa. Leo naomba nilieleze kwa msomaji, maana kila tufani inapopiga mahali fulani duniani, bado nasikia maneno yale yale ya mwaka 2005, na bado nasikia Amin.

Alichokuwa akikisema mzee yule ni jambo ambalo kila baharia wa Atlantiki analijua. Vimbunga vya upande ule vina msimu. Unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Sababu zake si siri. Kimbunga hujilisha kwa joto la bahari. Kinahitaji maji yenye nyuzi joto 26 au 27 na zaidi, tena si ya juu juu tu bali yaliyopata joto kwenda chini. Bahari ni kama sufuria kubwa, haichemki kwa haraka. Jua kali la Juni linakuja kuonekana majini mwezi wa Agosti na Septemba. Na katika miezi hiyo ndipo pepo za juu angani, ambazo wakati mwingine wa mwaka hukikata kichwa kimbunga kabla hakijajijenga, zinapokuwa zimetulia. Mbegu yenyewe mara nyingi hutoka huku kwetu Afrika. Michafuko ya hewa inayoanzia upande wa Sudan na milima ya Ethiopia husafiri kuelekea magharibi, ikapita Sahel, ikatokea baharini upande wa Senegal, na baadhi yake, ikikuta maji ya moto, huanza kuzunguka. Ikifika Oktoba, vimbunga huzaliwa zaidi upande wa magharibi wa bahari ya Karibian, vikapanda kaskazini. Ikifika Desemba bahari imepoa, na mambo yamekwisha. Vipo vichache vinavyotokea nje ya msimu, lakini ni vya kuhesabika.

Sasa tazama kalenda. Mji wa Galveston, Texas, uliangamizwa Septemba 8, 1900, wakafa watu wanaokadiriwa kuwa 8,000. Hakuna balaa la maumbile lililoua wengi zaidi katika historia ya Marekani. Visiwa vya Florida vilipigwa Septemba 2, 1935. Kimbunga Camille kilikuja Agosti 17, 1969, Andrew Agosti 24, 1992, Katrina Agosti 29. Kimbunga kikubwa cha mwaka 1780, kilichoua watu wapatao 22,000 katika visiwa vya Karibian, kilikuwa Oktoba. Mitch, kilichoua zaidi ya watu 11,000 katika Honduras na Nicaragua na nchi za jirani, kilikuwa mwishoni mwa Oktoba 1998.

Lakini mfano unaonishangaza zaidi ni wa kisiwa cha Puerto Rico. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kukiita kimbunga kwa jina la mtakatifu ambaye siku yake katika kalenda ya Kikatoliki imeangukia siku kilipopiga. Septemba 13, 1876 walipigwa, wakakiita San Felipe. Miaka 52 baadaye wakapigwa tena na kimbunga kikali mno, na walipoitazama kalenda wakakuta ni Septemba 13, 1928, siku ile ile. Ikabidi wakiite San Felipe wa Pili.

Hapo ndipo swali la mzee linapouma. Kama hivi ni viboko vya dhambi, mbona kiboko kinafuata kalenda ya joto la bahari? Marekani iliivamia Iraq mwezi wa Machi. Vita vya Vietnam vilipiganwa mwaka mzima, kiangazi na majira ya baridi. Riba haina likizo, na zinaa haingoji maji yapate nyuzi joto 27.

Tena vimbunga haviwezi kujijenga pale ikweta. Vinahitaji mzunguko wa dunia uvisukume ili vizunguke, na karibu na ikweta nguvu ya mzunguko huo ni ndogo mno, hivyo ndani ya nyuzi tano kusini au kaskazini ni nadra kabisa kukiona. Ingekuwa kimbunga ndicho kipimo cha ucha Mungu, basi watu wa ikweta wangekuwa ndio mawalii wa dunia. Nadhani wenyewe wanajua kwamba sivyo.

Na sisi wa pwani hii tuna kalenda yetu, iliyopinduka kwa sababu tuko kusini. Msimu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Kimbunga kilichoipiga Unguja kilikuwa Aprili 1872. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, kikavunja meli za Sayyid Barghash bandarini. Kimbunga cha Lindi kilikuwa Aprili 1952. Kenneth kilichopiga Ngazija na kaskazini ya Msumbiji kilikuwa Aprili 2019. Kile cha 1872 Pemba kiliipita kando, mikarafuu yao ikasalimika, na ndipo ikawa Pemba ndiyo nchi ya karafuu. Sasa je, tuseme Waunguja walikuwa na madhambi zaidi ya Wapemba? Hilo nawaachia wenyewe wamalizane barazani.

Tuache kalenda, tutazame nani alikufa. Khatibu wetu alitaja madanguro, pombe na sherehe za uchi za New Orleans. Sikatai kwamba yapo. Lakini mtaa wenye sifa hizo ni ule wa zamani uliojengwa na Wafaransa, na Wafaransa walijenga pale kwa sababu ndipo penye mwinuko. Ulisalimika na mafuriko kwa sehemu kubwa. Yaliyozama ni mabonde waliyokaa maskini, na wengi wao ni weusi, wajukuu wa watumwa, watu wa kanisani kila Jumapili. Karibu nusu ya waliokufa katika jimbo la Louisiana walikuwa wazee wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee walikufa 35, hawakuwahi kuondolewa. Ikiwa ile ilikuwa adhabu kwa ajili ya Iraq, basi ilimpita aliyetia saini amri ya vita, ikampita muuza danguro, ikamkamata bibi kizee kitandani. Mwenyezi Mungu ametakasika na hukumu ya namna hiyo.

Na tazama mwaka mmoja kabla yake. Septemba 2004 kimbunga Ivan, kikali sana, kiliigusa Cuba. Serikali ya huko, ambayo haina sifa ya ucha Mungu, ilihamisha watu zaidi ya milioni moja na nusu kutoka sehemu za hatari, na hakufa hata mmoja. Wiki hizo hizo dhoruba Jeanne, ambayo ilipokuwa ikipita karibu na Haiti haikuwa hata na nguvu ya kuitwa kimbunga kamili, iliua zaidi ya watu 3,000 huko, wengi katika mji wa Gonaïves, kwa mafuriko yaliyoshuka kutoka katika milima iliyokwisha miti. Bahari moja, mwezi mmoja, visiwa viwili vinavyotazamana. Cuba nako kulikuwa na msiba wake mwaka 1963, kimbunga Flora kilipoua watu zaidi ya elfu moja mwezi wa Oktoba. Baada ya hapo wakajipanga. Tofauti kati ya sifuri na 3,000 ni mpango na masikilizano, pamoja na malori na miti iliyobaki milimani.

Haya yote ningeweza kuyakubali kwa akili na bado moyo ukabaki pale pale. Kilichoubadilisha moyo wangu ni siku nyingine, miezi kadhaa baadaye, nilipokwenda kumjulia hali yule mzee na nikamkumbusha swali lake. Akaniambia habari za Chittagong.

Novemba 12, 1970, usiku, kimbunga kutoka Ghuba ya Bengal kiliingia katika visiwa na delta ya Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Ghuba ile nayo ina kalenda yake: Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba. Bahari ilipanda wakati wa bamvua, mwezi ukiwa umekaribia kujaa, ikaingia juu ya nchi ambayo ni tambarare kama jamvi. Walikufa watu wasiopungua 300,000; wako wanaosema nusu milioni. Hakuna kimbunga kinachojulikana kuua watu wengi kama kile.

Ule mwezi uliokuwa ukijaa ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Ilikuwa katikati ya mfungo wa mwaka 1390 Hijria. Watu wale walikuwa wamefunga mchana kutwa, wakafuturu, wakasali tarawehe, wakalala wakingoja daku. Maji yakawakuta.

Mzee alisema meli yake ilifika Chittagong na shehena ya mchele wakati wa mwisho wa mwezi ule, na alisali Idi huko. "Nilisimama katika safu," akaniambia, "kulia kwangu mtu aliyepoteza wanawe wote, kushoto kwangu mtu aliyebaki peke yake kijiji kizima. Hakuna aliyevaa kanzu mpya. Tulipotoa salamu hakuna aliyesimama. Tulikaa vile vile." Kisha akanyamaza, halafu akaniuliza tena kwa upole kabisa, "Sasa wale nao khatibu wako angewaambia nini?"

Sikuwa na jibu, na sikuwa nalo kwa sababu ya ukweli mmoja unaotia aibu: mimi na wenzangu tulikuwa na mizani mbili. Maji yakimfika adui ni adhabu. Yakimfika ndugu yetu ni mtihani, na waliokufa ni mashahidi. Na kweli, mafundisho ya Mtume (SAW) yanamhesabu muumini aliyekufa kwa kuzama majini kuwa ni shahidi. Lakini maji ni yale yale, upepo ni ule ule. Anayedai kuisoma hukumu ya Mwenyezi Mungu ndani ya upepo, asome upande mmoja kama anavyosoma upande wa pili, au akiri kwamba anachokisoma ni chuki yake mwenyewe.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, je, kaumu ya Adi hawakuangamizwa kwa upepo? Waliangamizwa, na anayekanusha hilo amekanusha Qur'an. Lakini sisi tumejuaje kwamba ule ulikuwa adhabu? Tumejua kwa wahyi. Walikuwa na Mtume wao, Hud (AS), aliyewaonya kwa jina la Mola wake, wakakataa, na kisha Mwenyezi Mungu mwenyewe akatupa habari zao. Baada ya Mtume Muhammad (SAW) wahyi umefungwa. Upepo wa leo hatukuteremshiwa tafsiri yake. Huenda ndani yake mna adhabu kwa mmoja, kafara kwa mwingine na mtihani kwa wa tatu, na anayejua ni Allah peke yake. Mtu anaposimama juu ya mimbari akasema hii ni adhabu ya fulani, anajipa elimu ambayo hakupewa.

Tena tunao mfano ulio wazi. Siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (SAW), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo chake. Fikiria ingekuwa ni kiongozi wa leo amefiwa na mwanawe, angeikataa sifa hiyo? Mtume akaikataa pale pale, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na mkiona hivyo salini. Na Bi Aisha (RA) amepokea kwamba Mtume alipokuwa akiona mawingu na upepo, uso wake ulikuwa ukibadilika, akiingia na kutoka, akihofia yasije yakawa kama yale ya Adi, mpaka mvua ilipokuwa ikinyesha ndipo anapotulia. Huyo ni Mtume, naye alijihofia nafsi yake na watu wake. Sisi tunaona wingu katika televisheni, liko upande wa pili wa dunia, tunafurahi.

Lakini kuna ubaya mwingine katika maneno yale ambao uliniingia akilini polepole. Ukisema kimbunga ni adhabu, umemfutia makosa kila mwanadamu aliyehusika.

Mwaka 1928 San Felipe wa Pili kilipotoka Puerto Rico kilielekea Florida. Septemba 16 kikalisukuma ziwa Okeechobee mpaka tuta lake la udongo likavunjika, wakafa watu wasiopungua 2,500. Wengi walikuwa vibarua weusi wa mashambani, wengi wao wakiwa wametoka visiwa vya Bahamas, waliowekwa kuishi chini ya tuta kwa sababu ndipo palipokuwa na kazi. Hata katika kuzika, majeneza yaliwekwa kwa ajili ya wazungu. Katika mji wa West Palm Beach weusi 674 walitiwa katika shimo moja lisilo na alama, na wazungu 69 wakazikwa makaburini. Huo ubaguzi haukuletwa na upepo.

Mwaka 1935 zaidi ya nusu ya waliokufa katika visiwa vya Florida, jumla yao zaidi ya 400, walikuwa askari wastaafu wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopelekwa kujenga barabara na kulazwa katika kambi za mabanda na mahema, mwambao mtupu, ndani ya msimu. Treni ya kuwaokoa iliagizwa kwa kuchelewa, ikafika wakati bahari imekwishapanda, ikapinduliwa relini.

Na Galveston? Mkuu wa hali ya hewa wa mji ule, Isaac Cline, alikuwa ameandika gazetini mwaka 1891 kwamba hofu ya kimbunga kuuangamiza mji huo ni upuuzi. Ukuta wa bahari haukujengwa. Wataalamu wa Havana, waliokuwa wakivisoma vimbunga tangu enzi za padri Benito Viñes, waliona kimbunga kinaelekea Ghuba ya Mexico, lakini ofisi ya Washington ilikuwa imezuia telegramu zao za hali ya hewa kwa dharau. Cline mwenyewe alimpoteza mkewe usiku ule, akiwa mjamzito. Ukuta ulijengwa baada ya maziko, kati ya 1902 na 1904, wakaunyanyua na mji wenyewe kwa kuujaza mchanga. Kimbunga kingine kikubwa kilipokuja Agosti 1915, ndani ya mji walikufa wachache sana.

Katika kila moja ya misiba hiyo nina hakika palikuwa na mtu mwenye cheo aliyetikisa kichwa kwa huzuni akasema ni kazi ya Mungu. Neno hilo hata kwetu linapendwa. Likiporomoka jengo au ikizama meli iliyojazwa kupita kiasi, huja kiongozi na kofia yake akatuambia ni mapenzi ya Mungu, nasi tunaitika Amin. Kweli hakuna linalotokea nje ya kadari Yake. Lakini hata mwizi huiba ndani ya kadari, na bado tunamshitaki.

Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye mabonde mawili, moja la majani na moja kavu. Popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari. Nimesikia kisa hiki kikisomwa mara nyingi kwa sababu ya uzuri wake. Sijawahi kusikia kikisomwa kwa habari ya watu wanaouziwa viwanja mabondeni.

Watu wa Bangladesh wamekifanyia kazi, kwa kujua au kutojua. Baada ya 1970 waliunda jeshi la watu wa kujitolea wa vijijini, wenye bendera na vipaza sauti, wa kupita nyumba kwa nyumba. Wakajenga majengo ya zege juu ya nguzo. Haikutosha mara moja. Aprili 29, 1991 walikufa tena watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Sababu mojawapo iliyotajwa inatuhusu Waislamu moja kwa moja: wanawake wengi walibaki nyumbani wakingoja idhini ya waume zao, au waliona haya kukaa katika jengo moja lililobanana na wanaume wasio maharimu zao. Wakazama na stara yao. Nani alibeba dhamana ya hao? Walioiona aibu ya wanawake hawakuwajengea chumba chao. Baadaye majengo yakaongezwa, sehemu za wanawake zikatengwa, wanawake wenyewe wakaingizwa katika kazi ya kujitolea. Kimbunga Sidr kilipopiga Novemba 15, 2007, kikali kama wenzake, walikufa watu wapatao 3,400. Ni wengi, inna lillahi. Lakini mtu alinganishe na wale wa Ramadhani ile.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi niligundua jambo ambalo mwaka 2005 halikutufikia, au lilitufikia tukalipita. Katika nchi zilizoahidi msaada kwa Marekani baada ya Katrina ilikuwemo Bangladesh, dola milioni moja. Wanajua maji ni nini.

Yule mzee bado yu hai, alhamdulillah, ingawa macho yamepungua. Mei 3, 2024, siku ya Ijumaa, kimbunga Hidaya kikiwa kinakaribia Mafia na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, nilipita kwake baada ya sala. Nikamwamkia, akaitika. Akaniuliza leo tarehe ngapi. Nilipomwambia, akahesabu kwa vidole, akasema, "Hiki kimechelewa. Msimu wake umekwisha." Nikadhani atasema basi hakuna la kuhofia. Badala yake akamwita mjukuu wake, akamtuma bondeni kwa mama mmoja mpangaji mwenye watoto wanne, akamwambie aje alale pale na magodoro yake, na asingoje mumewe arudi kazini ndipo aamue.

Mama alikuja jioni, amekasirika kidogo. Usiku ulinyesha, upepo ukavuma. Kesho yake, Jumamosi, kimbunga kilifika Mafia na kikapungua nguvu. Watoto waliamka, wakanywa chai pale, wakabeba magodoro yao wakarudi bondeni, mama yao akinung'unika kwamba amesumbuliwa bure. Mzee alikuwa kibarazani. Akamwambia akisikia tena redio inasema, asingoje kuitwa, mlango haufungwi.